Kanisa rafiki la ng'ambo na usharika wa Kigoma: hela inapita wapi, na kwa nini mradi unakufa baada ya miaka miwili

Ukikaa Kasulu, Buhigwe, Kibondo au hata hapa Kigoma mjini utasikia tu watu wanasema kanisa fulani lina wazungu wao. Maana yake kuna usharika huko Uingereza, Ujerumani, Denmark, Sweden au Marekani umeamua kushikana mkono na usharika wa huku, wanaombeana, wanaandikiana, wakijaliwa wanatembeleana, na kuna hela inakuja. Wengi tunaishia hapo kwenye hela. Baada ya muda maneno yanaanza, mbona kisima kimekufa, mbona zahanati haina dawa, mbona mtoto wa fulani analipiwa shule wa kwangu hapana, mara mchungaji amejenga, mara mhasibu wa dayosisi ndo kala, na wengine wanafika mahali wanasema misaada yote bora isije kabisa.

Mimi nimekaa kwenye kamati za kanisa kwa muda na naona ugomvi mwingi unatokana na watu kutojua hii kitu inavyofanya kazi, na sio waumini wa kawaida tu, hata wazee wa kanisa, hata hao marafiki wenyewe wa kule. Kwa hiyo nataka nieleze taratibu hela inaanzia wapi, inapita wapi, inakwama wapi. Ninachoamini nakisema mapema kabisa: wizi upo, siukatai, lakini kinachoua miradi mingi ya makanisa huku kwetu ni gharama ya kila mwezi ambayo toka siku ya kwanza hakuna mtu aliyekubali kuibeba.

Tulifikaje hapa

Mkoa wetu na jirani zetu wa Tabora tuna historia ndefu na makanisa ya nje. London Missionary Society (LMS), wamisionari Waprotestanti wa Uingereza, walifika Ujiji 1878, White Fathers wa Kikatoliki wakapita Tabora mwaka huohuo na Ujiji wakaingia 1879. Urambo kwa Mtemi Mirambo walianza LMS, halafu 1898 Wamoraviani wakachukua, na mpaka leo makao ya Jimbo lao la Magharibi yako Tabora. Hospitali ambazo nusu yetu tumezaliwa humo zimetoka kwenye mnyororo huo, Heri ya Wasabato, Kabanga ya Wakatoliki, Sikonge ya Wamoraviani, Nkinga ya Wapentekoste waliofanya kazi na Wasweden. Ila wakati ule hakukuwa na urafiki wa usharika kwa usharika, mmisionari ndo alikuwa na kila kitu, ufunguo wa stoo, kitabu cha hela, gari, na yeye ndo aliandika barua kwao kuomba. Mwafrika alikuwa mwinjilisti anayelipwa, hajui bajeti inasemaje.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Waanglikana wa dunia nzima walikutana Toronto 1963 wakakubaliana kwamba kanisa la kutoa na kanisa la kupokea ni fikra ya kuachana nayo, makanisa yabebane, na hapo ndo dayosisi za nchi mbalimbali zikaanza kufungamana mbilimbili. Dayosisi ya Western Tanganyika ilianzishwa 1966, makao yake Kasulu, na baadaye ikawa na urafiki wa pande tatu na Gloucester ya Uingereza na El Camino Real ya California. Huku kwetu 1967 likaja Azimio la Arusha likisema wazi kwamba fedha sio msingi wa maendeleo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya akaenda mbali zaidi, akasema wamisionari na hela zao wasimame kwanza ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake, na mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliokaa Lusaka 1974 ukaunga mkono wazo hilo. Watu waligombana sana. Hela haikusimama kama alivyotaka Gatu lakini swali lake halijapata jibu mpaka leo, na kila usharika wenye marafiki unakutana nalo, hata kama haujawahi kusikia jina lake.

Safari ya hela yenyewe

Sasa tufuate hela. Mama mmoja mstaafu huko Uingereza anatoa pauni kumi kanisani kwake kwa ajili ya usharika rafiki. Kama analipa kodi na amesaini fomu yao, serikali yao inaongeza senti 25 kwa kila pauni moja aliyotoa, kwa sababu sheria yao inatambua sadaka kama kazi ya hisani. Lakini ukishachukua hela ya serikali lazima uweze kuonyesha imefanya kazi gani. Marekani nako, mtu anapunguziwa kodi kwa sadaka yake ila kanisa lake lazima libaki na usimamizi wa hiyo hela, haliruhusiwi kuwa bomba tu la kupitishia. Ndo maana wanaulizia ripoti, picha na risiti. Wengi huku tunaona ni dharau, wanatufanya wezi, na kusema ukweli namna wanavyouliza wakati mwingine inaumiza, mzee wa miaka 70 anatumiwa meseji kama mtoto aliyetumwa dukani. Ila chini ya maswali hayo kuna mkaguzi wa hesabu amekaa kule anamsubiri mhazini wao naye atoe jibu.

Kutoka usharika wao hela inapita dayosisi yao, au chama cha misheni, halafu inakuja dayosisi yetu. Kwa nini isije moja kwa moja kijijini? Kwa sababu kisheria usharika wa kijijini kwa kawaida sio chombo kinachojitegemea. Chombo chenye sura mbele ya sheria ni Bodi ya Wadhamini wa kanisa, ndo inayomiliki ardhi na majengo, na kanisa lenyewe limesajiliwa kama jumuiya huko Wizara ya Mambo ya Ndani. Kama mradi unaendeshwa na asasi iliyosajiliwa kama NGO basi kuna masharti mengine, toka kanuni za 2018 ukipokea zaidi ya shilingi milioni 20 lazima utangaze na mkataba uupeleke kwa msajili. Ukiona dayosisi inasema hela ipitie kwao usikimbilie kusema wanataka kuila, mara nyingi hiyo ndo njia halali iliyopo.

Njiani hela inapungua. Benki ya kule inakata, benki ya katikati inakata, ya huku inakata, halafu kiwango cha kubadilishia kinakuwa cha siku hiyo na sio cha siku mliyopiga hesabu, na dayosisi nyingi zinabakiza kiasi kwa ajili ya uendeshaji, kitu ambacho sio haramu kama kimesemwa. Hapa ndo fitina inapozaliwa. Jumapili mgeni amesimama madhabahuni katangaza pauni kadhaa, kijana mmoja katoa simu kapiga hesabu palepale, kanisa zima limeshika namba moja kichwani, miezi mitatu baadaye kinachoingia ni pungufu na hakuna anayeeleza kwa nini. Dawa yake ni ndogo sana. Msitangaze kilichotoka kule, tangazeni kilichofika, kwa shilingi, siku hiyohiyo, na karatasi ya benki ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni. Sioni sababu yoyote ya karatasi hiyo kuwa siri.

Halafu kuna ishu ya risiti, na hii watu wa kule hawaielewi kabisa. Saruji na mabati mnanunua dukani mjini, risiti ya mashine mnapata, haina shida. Lakini mchanga mnanunua kwa vijana wanaochimba mtoni, mawe kwa akina mama wanaoponda kando ya barabara, tofali za kuchoma kwa jirani mwenye tanuri, maji ya ujenzi kwa watoto wenye baiskeli na madumu. Hakuna hata mmoja hapo mwenye mashine ya risiti. Kwa hiyo mhazini anaandika hati ya malipo kwa mkono, jina, kazi, kiasi, saini au dole gumba, shahidi. Hati hizo ukizipeleka nje mtu anazikodolea macho, karatasi arobaini zenye alama za dole na wino wa bluu, zinaonekana kama zimeandikwa usiku mmoja na mtu mmoja, na wakati mwingine kweli zimeandikwa usiku mmoja kwa sababu mhazini ni mkulima, hana muda wa kuandika kila siku. Kitu kinachosaidia ni kukubaliana kabla ya ujenzi kwamba hati hizi zitakubalika, na watu wawili tofauti wawe wanasaini, mmoja anayelipa na mwingine anayehesabu tripu za mchanga zinapomwagwa. Mtume Paulo mwenyewe alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakubeba hela peke yake, soma 2 Wakorintho 8, anaeleza kwamba makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye ili mtu asije akawalaumu kuhusu ile sadaka. Kama Paulo alitaka mashahidi, mhazini wetu asione vibaya kuwekewa mashahidi.

Mwaka wa tatu

Sasa tuje kwenye kiini. Marafiki wa kule wanapenda kujenga, na sisi tunapenda kujengewa, kwa sababu jengo linaonekana. Unapiga picha msingi, unapiga picha ukuta, unapiga picha bati, kunakuwa na ufunguzi, askofu anakuja, ng'ombe anachinjwa. Baada ya hapo hakuna picha tena, kuna umeme, dawa, mshahara wa nesi, mlinzi, kufuli iliyovunjika.

Chukua kisima cha pampu ya mkono. Wachimbaji wanakuja na gari, maji yanatoka, watu wanalia kwa furaha na wana haki kwa sababu akina mama walikuwa wanashuka bondeni alfajiri. Ndani ya pampu ile kuna vipira vidogo kwenye pistoni ambavyo vinasuguana kila mtu akipiga mkono, na pampu inayotumiwa na kaya nyingi kutwa nzima inavila haraka. Kipira chenyewe ni kitu kidogo, kinaingia mfukoni. Lakini hakipo duka la jirani, fundi anayejua kuvuta vyuma juu bila kuvidondosha kisimani yuko wilayani, nauli yake, chakula chake, na siku hiyo kamati inagundua kwamba haina hata shilingi kwa sababu toka mwanzo iliambiwa maji ni ya bure, ni zawadi. Pampu inakaa imesimama, watoto wanaichezea, mwaka unaisha, mtu anang'oa mkono wake anaenda kuutumia kwake.

Kijiji kimoja jirani na kwetu walifanya tofauti na pampu yao bado inatoa maji. Kabla ya mchimbaji kufika walikaa mkutano wakakubaliana kila kaya itatoa kiasi fulani kwa mwezi, wazee wasiojiweza wakasamehewa kwa majina mbele ya watu wote, na wakamchagua mama mmoja ambaye hana mzaha kabisa kushika daftari. Piga hesabu mwenyewe, tuseme kaya 80 zinatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, hiyo ni 80,000, kwa mwaka ni 960,000, fundi analipika, vipira vinanunuliwa kabla ya kuisha na kuwekwa akiba. Wala sio hela ya mzungu. Pia wakaenda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, mapema, maana toka 2019 maji ya vijijini yako chini yao na kuna utaratibu wa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, kisima cha kanisa hakiwezi kuwa kisiwa. Kisima kinanywesha Wakristo na Waislamu, kikiwa na kamati ya kanisa peke yake siku kikiharibika wale wengine watasema ni cha kwao wakatengeneze wenyewe, na hawatakuwa wamekosea.

Zahanati ni hivyohivyo ila kwa gharama kubwa zaidi. Jengo ndo sehemu rahisi. Bila usajili wa wizara huwezi kufungua, bila mganga na nesi wenye leseni huwezi kufungua, na hao wanataka mshahara kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao sadaka imeshuka. Marafiki wengi wa nje hawapendi kulipa mishahara, wanaogopa kujifunga, kwa hiyo wanajenga chumba cha pili wakati cha kwanza kimefungwa. Nimeona usharika ukipokea kitanda cha kujifungulia kizuri kabisa na hakuna mkunga. Kama mnaomba msaada wa afya, nendeni kwanza halmashauri kwa mganga mkuu wa wilaya muulize kama wanaweza kuleta watumishi kwa makubaliano, maana hospitali kadhaa za makanisa zinaendeshwa kwa mtindo huo, jengo la kanisa, baadhi ya watumishi wa serikali. Jibu likiwa hapana, basi hela hiyo isijenge. Inunue pikipiki ya kubeba wajawazito kupeleka kituo kilichopo, na mpange mafuta nani anaweka.

Kujitegemea tunakokuhubiri nako kuna kalenda yake, na marafiki lazima waijue. Wavuvi wa dagaa na migebuka wanavua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa hiyo sadaka ya usharika wa mwaloni inapanda na kushuka na mwezi wa angani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ni jambo la maana kwa ziwa, lakini fikiria usharika wa wavuvi uliokuwa umeahidi kuchangia nusu ya mradi kila mwezi. Manyovu wanashika hela ya kahawa kwa msimu. Urambo na Kaliua wanashika hela ya tumbaku mara moja kwa mwaka, tena malipo yakichelewa usharika mzima unakaa unasubiri. Bajeti ya kule inaenda mwezi kwa mwezi kwa sababu wao wanalipwa mishahara. Ya kwetu iandikwe kwa mavuno, gunia la maharage, mkungu wa ndizi, dumu la mawese, kuku kwenye mnada baada ya ibada, na vihesabiwe kama mchango halali kwenye ripoti maana ni hela kabisa.

Watoto, makontena na meseji za faragha

Ada za watoto zimebadilika. Toka 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne shule za serikali hazina ada, na 2022 ikaongezwa kidato cha tano na sita, lakini bado kuna marafiki wanaletewa orodha ya ada kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mzigo uliobaki ni sare, madaftari, chakula cha mchana, na zaidi ya yote umbali, binti anatembea kilomita nyingi au anapanga chumba mtaani peke yake akiwa na miaka 15. Kwa maoni yangu hosteli ya wasichana inayosimamiwa vizuri, au uji wa shule nzima, inashinda kumchagua mtoto mmoja mmoja na kumtumia picha. Mtoto mmoja akichaguliwa ndugu zake wawili wanabaki wanamwangalia, na mchungaji anageuka kuwa mgawa bahati, kila mzazi anamhesabia. Najua watoto waliosomeshwa hivyo leo ni walimu na manesi, siwezi kusema imekuwa bure. Nasema tu kuna njia isiyowaachia majirani kinyongo.

Makontena, kwa ufupi, hapana. Kontena la nguo na kompyuta zilizochoka linafika Dar, maombi ya msamaha wa kodi yanachukua muda, gharama ya kutunza bandarini inaongezeka kila siku, halafu kuna zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma. Dawa ndo kabisa, bila kibali cha TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, haziingii na zikikaribia kuisha muda hazitakiwi. Kama mtu ana moyo wa nguo, atume hela, mafundi cherehani wa Kasulu watashona sare na watoto wao watakula.

Kuna jambo zito zaidi ambalo huwa halisemwi hadharani. Wageni wakishakuja wanaacha namba, na baada ya wiki WhatsApp ya yule mama mstaafu inajaa, mtu anaumwa, mtu anaomba ada, mtu amefiwa, mtu anataka mtaji. Shida zao ni za kweli, sitamcheka hata mmoja, mtu mwenye mtoto anayeugua atapiga mlango wowote. Lakini yule mama anatuma kwa mmoja, anamkatalia mwingine, analala vibaya, mwishowe anablock wote na urafiki unakufa kimyakimya bila usharika kujua kwa nini. Sharika zilizoweka mfuko wa dharura wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, wenye kamati ya watu watatu, mmoja wao mama, zimepunguza hili kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mwenye shida anajua pa kwenda hapahapa, na mgeni akitumiwa meseji ana jibu la heshima, ndugu yangu naomba umwone Mama fulani wa diakonia.

Na wageni wasitoe ahadi madhabahuni. Mchungaji awaambie kabla ya ibada, kwa upole, karibuni salimieni, imbeni, ombeni, ahadi tutazizungumza mezani. Mtu akishaguswa na kwaya ya akina mama anaweza kuahidi kitu ambacho kamati yake kule haijakijadili, na sisi tunakishika kama kiapo.

Usharika maskini nao unatoa

Kinachonikera kwenye ripoti nyingi tunazoandika ni kwamba tunajieleza kama watu wa kupokea tu, wakati mkoa huu umekuwa unapokea watu toka zamani. Warundi walikuja 1972, wengine wakapelekwa Ulyankulu kule Tabora, wakaja tena 1993. Wakongo wakaja na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa 1996 na mpaka leo ina watu. Mei 2015 Warundi walirundikana Kagunga kwenye ufukwe mwembamba kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini wakakaa uwanja wa Lake Tanganyika. Nani aliwapikia uji kabla mashirika hayajajipanga? Walikuwa watu wa makanisani na misikitini, watu wa mitaani, mama aliyetoa kitenge chake kimoja kati ya viwili. Hiyo haikuandikwa kwenye ripoti yoyote kwa sababu hakuna aliyeiita mradi.

Paulo kwenye sura ileile ya 2 Wakorintho 8 anawasifu Wamakedonia kwamba walitoa wakiwa kwenye umaskini mkubwa, na anasema lengo sio wengine wastarehe na wengine wataabike, lengo ni usawa, wingi wa huyu uzibe upungufu wa yule na siku nyingine kinyume chake. Kwa hiyo barua yetu kwa usharika rafiki iseme pia tumetoa nini, tumemzika nani, tumempokea nani. Tuulize na wao wanaumwa nini. Sharika nyingi za Ulaya zimezeeka, mabenchi matupu, vijana hawapo, zinaunganishwa mbili au tatu chini ya mchungaji mmoja. Mzee wao akifiwa na mke anakaa nyumbani peke yake, na nimewahi kuona barua ya maombi kutoka kwa akina mama wa huku ikisomwa kwenye maziko kule, waliambatanisha na majina ya wote walioomba. Huo nao ni msaada, tena wao hawawezi kuununua.

Na hapo kwenye kuzeeka kuna onyo la kiutendaji kabisa. Usharika rafiki unaweza kufunga kabla ya mradi wenu kukomaa, bila ugomvi wowote, watu wameisha tu. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, ukurasa mmoja au miwili inatosha. Iandikwe ardhi ni ya nani, na kama mzee fulani aliitoa basi iwepo barua yenye saini ya familia yake na muhtasari wa serikali ya kijiji, maana mzee akifariki wajukuu wanakuja na kamba ya kupimia. Jina kwenye hati liwe la Wadhamini, lisiwe la mchungaji wala la mwenyekiti hata kama ni mtu mwema kiasi gani. Iandikwe kila mwezi mradi unakula kiasi gani na nani analipa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sehemu ya marafiki ishuke kila mwaka huku ya kwetu ikipanda kwa kiwango ambacho msimu wetu unaweza kubeba. Iandikwe tarehe ya kukaa na kuamua kama tunaendelea au tunaachana kwa amani.

Kama uko kwenye usharika wenye marafiki na hujawahi kuona karatasi hiyo, mkutano wa usharika wa mwisho wa mwaka ndo mahali pake. Usianzie na nani kala. Anzia na kiasi kilichoingia kwa shilingi, gharama ya mwezi ya kila mradi, na nani anailipa sasa hivi. Mhazini akisema kitabu kipo ofisini, mwombe kwa heshima akilete mezani, watu wapo, muda upo, mkisome pamoja ukurasa kwa ukurasa.